Pete Moja ya Mnyororo

Katika yadi ile ya malori makubwa kulikuwa na watu wenye vyeo na watu wenye vyeti, lakini mtu ambaye neno lake lilikuwa la mwisho alikuwa mzee mmoja mfupi mwenye kipande cha chaki ya njano nyuma ya sikio. Walimwita Fundi Chaki. Jina lake la kitambulisho lilibaki hukohuko kwenye kitambulisho. Hata marehemu mkewe alizoea kumwita hivyo kwa utani, hasa alipotaka afungiwe kamba ya kuanikia nguo.

Kazi yake ilikuwa kufunga mizigo. Kampuni ile ilihamisha mitambo ya kuchimbia mafuta, kutoka kisima kilichokwisha kwenda kisima kinachoanza. Mtambo hauhami mzima. Unavunjwa vipandevipande, mnara peke yake, matangi peke yake, jenereta, pampu za matope, na kila kipande kinapandishwa na kreni juu ya trela refu lililoinama, lile madereva wanaloliita lobedi. Pampu moja ya matope ina tani thelathini. Tani thelathini zikiamua kushuka hazimuulizi mtu.

Pampu ilifungwa kwa minyororo minane, na kila mnyororo ulikazwa kwa kikazio, yaani chuma chenye ndoano mbili na mkono mrefu katikati. Unashika mnyororo kwa ndoano zote mbili, kisha unauangusha mkono, mnyororo unanyooka. Siri yote iko kwenye kuchagua pete. Fundi Chaki alihesabu pete kutoka pale mnyororo unapoacha kuning'inia, na ndoano yake ilishika pete ya nne. Kwenye pete ya nne mkono wa kikazio unagoma, na inabidi mtu auangukie kwa uzito wake wote mpaka usikie tako la chuma la mkono huo likikaa mahali pake. Kwenye pete ya tatu mkono unajifunga wenyewe kama mlango wa kabati. Kwa macho huwezi kuona tofauti. Kwa hiyo akishamaliza aligonga kila mnyororo kwa nyundo ndogo na kutega sikio. Uliokazwa ulilia nge. Uliolegea ulisema pu, basi, na huo aliufungua akaanza upya huku akiutukana kwa sauti ya chini.

Baada ya hapo ndipo ilipokuja chaki. Alichora mstari mmoja wa njano, kutoka kwenye mkono wa kikazio hadi kwenye pete ya mnyororo, ili mkono ukisogea hata kidogo njiani mstari ukatike na dereva aone. Kanuni ilisema kila dereva asimame kilomita ya kumi, ashuke, azunguke trela, aangalie mistari na kukaza palipolegea. Kanuni nzuri. Tatizo ni kwamba katika miaka ishirini na sita hakuna dereva aliyewahi kukuta mstari wa Fundi Chaki umekatika, na binadamu ukimpa kitu kisichokatika miaka ishirini na sita anaacha kukiangalia. Taratibu madereva wakaacha kusimama. Mzigo ukiwa na chaki ya mzee utafika, walisema, wakakanyaga mafuta. Yeye mwenyewe alisikia hivyo na alipaswa kuwagombeza. Nisiseme uongo kwa niaba yake: alifurahi. Kichwa kilimvimba kidogo, akawa anatembea kati ya matrela mikono nyuma kama mwenye mji.

Dereva mmoja tu aliendelea kusimama, naye alikuwa mkwe wake.

Huyo walimwita Kobe, na huhitaji kuuliza kwa nini. Siku alipokuja kujitambulisha kwa ajili ya binti, Fundi Chaki alimkalisha kwenye kiti cha plastiki na swali lake la kwanza halikuhusu ukoo wala kabila. Alimuuliza huwa anaendesha mwendo gani akiwa na mzigo. Kobe akajibu arobaini. Na barabara ikiwa nzuri? Thelathini na tano, akasema Kobe, maana kwenye barabara nzuri ndiko wenzake wanakokimbia. Mzee alicheka mpaka akakohoa, na kwa upande wake habari ya posa iliishia hapo. Binti yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye maneno machache na macho yanayoona sana. Wakaoana, wakapata mtoto wa kike, wakapanga vyumba viwili mtaa wa tatu kutoka kwa mzee, na kila Jumapili mchana Fundi Chaki alikwenda kunywa chai kwao.

Bega lilianza mwezi wa tatu. Hakuanguka wala hakugongwa. Bega la kulia lilichoka tu, kama kitu chochote kilichofanya kazi ileile kwa muda mrefu. Mwanzo alihisi kama sindano akiinua mkono juu ya kichwa. Baadaye ikawa moto unaoshuka hadi kwenye kiwiko. Alijipaka dawa za kuchua, akalala juu ya chupa ya maji ya moto, akajikaza kisabuni. Kwa daktari hakwenda, kwa sababu daktari angeandika karatasi, na karatasi ingefika kwa msimamizi wa yadi, na msimamizi, ambaye walianza naye kazi mwaka mmoja, angemweka ofisini kuhesabu vizibao na kofia ngumu. Mzee hakuogopa maumivu. Aliogopa kuhesabu kofia.

Siku ya kwanza aliposhika pete ya tatu badala ya ya nne, alijiambia ni kwa mnyororo huo mmoja tu, tena mzigo wenyewe ni wa matangi matupu. Ulifika salama. Wiki iliyofuata ikawa miwili. Halafu akaacha kugonga kwa nyundo, maana nyundo ingesema pu mbele ya watu. Lakini mstari alichora, kila mara, umenyooka, umeiva. Hilo ndilo jambo ambalo hakuna mtu yadini aliyelifikiria, na yeye mwenyewe alikwepa kulifikiria: mstari wa chaki unaeleza kama kikazio kimesogea tangu ulipochorwa. Hausemi kilikazwa kiasi gani.

Nyumbani kwa binti yake alianza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto. Jumapili moja binti alimtazama, akakitazama kikombe, akafungua mdomo. Mzee akamkazia macho, yale macho ya baba aliyokuwa akimtolea alipokuwa mdogo. Binti akafunga mdomo akaenda kuongeza sukari ambayo hakuna aliyeiomba.

Miezi minane ilipita hivyo.

Asubuhi ya siku yenyewe kulikuwa na mizigo saba, na kisima kipya kilikuwa kinasubiri. Pampu ya matope ilikuwa ya mwisho. Alipoifikia, mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi hadi vidoleni. Minyororo yote minane aliishika kwenye pete ya tatu. Hakugonga hata mmoja. Alichora mistari yake minane, akarudisha chaki nyuma ya sikio. Kobe akaja akiwa amevaa kizibao chake cha njano, akasimama hatua mbili nyuma kwa adabu, kwa sababu hata yadini hakuwahi kusahau kwamba yule ni baba wa mkewe.

"Tayari, baba?"

"Tayari."

Neno hilo alikuwa amelisema mara nyingi mno maishani, likatoka lenyewe.

Habari ilifika kabla ya saa sita. Kilomita ya kumi na nne barabara inashuka halafu inakata kushoto, na hapo Kobe alishika breki kwa sababu ng'ombe walikuwa wanavuka. Hakuwa kwenye mwendo mkali, hakuwahi. Lakini pampu ilipata nafasi ya kucheza kidogo ndani ya minyororo yake, ikacheza, mnyororo mmoja ukakatika kwa mtikisiko, pampu ikateleza mbele, ikapanda shingo ya trela, ikakipiga kichwa cha lori kutoka nyuma. Waliofika kwanza walisema taa za breki zilikuwa bado zinawaka. Mengine waliyosema sina haja ya kuyarudia.

Siku ya mazishi Fundi Chaki alishika jeneza kwa mkono wa kushoto. Watu wakaona ni uchungu tu.

Uchunguzi ulichukua wiki moja. Uliongozwa na ofisa usalama, mwanamke makini, mwenye kalamu tatu mfukoni, asiyependa kuonea mtu. Alipima matairi, breki, barabara. Alihoji dereva wa gari dogo la taa ya njano lililotangulia mbele ya msafara, na huyo akasema walikwenda moja kwa moja, hakuna aliyesimama kilomita ya kumi. Alikuwa na sababu yake ya kusema hivyo, kwani kanuni ilimtaka asimame pamoja na lori, naye hakusimama. Na kama yeye hakusimama, basi ilimfaa kila mtu awe hakusimama. Ofisa akapiga picha vikazio vilivyookotwa. Mistari ya njano haikuwa imekatika hata mmoja. Akaandika kwamba ufungaji ulikuwa sahihi, na kwamba dereva hakusimama kukagua, na alishuka mteremko bila tahadhari. Kobe, dereva wa thelathini na tano. Na watu waliomcheka miaka yote kwa mwendo wake wa kobe wakaamini kwa siku moja kwamba alikufa kwa kukimbia. Nikikumbuka hilo bado linanichefua.

Kila Jumatatu asubuhi yadi nzima ilikusanyika mbele ya ofisi kwa kikao cha usalama. Sasa kikao kilikuwa na somo jipya, na picha kubwa ilibandikwa ubaoni. Ofisa alisoma: dereva hakusimama. Kisha akaonyesha vikazio kwenye picha, akasema tazameni kazi ya Mzee wetu, haikuhama hata unywele. Watu wakageuka kumtazama kwa huruma na heshima. Mzee akatazama viatu vyake. Alitamani ardhi ipasuke, na ardhi ya yadi ile ni zege.

Minyororo ya ajali ilikuwa imetupwa nyuma ya karakana, juu ya mbao, karibu na matairi mabovu. Fundi Chaki alikwenda kuitazama mara ya kwanza siku ya pili baada ya kikao hicho. Alichuchumaa, akaviokota vikazio kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto. Vingine vilikuwa vimekwaruzwa hadi chuma cheupe. Lakini kwenye vitano, pembeni ya mstari wake wa njano, palikuwa na alama ndogo nyeupe ya vema, kama ile mwalimu anayoweka kwenye daftari la mwanafunzi aliyepata. Hakuna mtu yadini aliyetumia chaki nyeupe. Ilikuwa ya shule.

Akakaa chini palepale kwenye vumbi la chuma. Kobe alikuwa amesimama. Alishuka, akalizunguka trela lile refu peke yake, akaangalia mstari mmoja baada ya mwingine, na kila alipokuta mstari haujakatika akaweka vema, kwa adabu, pembeni, bila kuugusa wa mkwe wake. Alifanya kila alichofundishwa. Mstari ulimwambia kumekazwa, naye akauamini.

Mzee alijua siku ileile anachopaswa kufanya: kumwita ofisa, kumwonyesha zile alama, na kusema mwenyewe habari ya pete ya tatu. Kimoja hakikuwezekana bila kingine, kwa sababu kama Kobe alisimama na kukagua, swali lililofuata lilikuwa kwa nini pampu ilicheza. Akajiambia kesho. Kesho yake akajiambia binti bado ana majonzi, ngoja walau arobaini ipite. Alikwenda nyuma ya karakana kila siku wakati wa chakula, akahakikisha alama zipo, akarudi. Siku kumi na tisa alifanya hivyo. Simu ya kupigia picha alikuwa nayo mfukoni, na wala hakuitoa.

Siku ya ishirini mvua ilinyesha kutwa. Alisimama chini ya bati la karakana akiiangalia inavyopiga yale mabati ya mapipa, na alijua vizuri iko wapi minyororo na iko wapi mbao za kuifunika. Hatua thelathini. Alisimama. Mvua ilipokatika alikwenda kutazama. Mistari yake ya njano ilikuwa ipo bado, maana ile ni chaki ya mafuta ya mafundi wa chuma. Nyeupe ilikuwa imekwisha kabisa. Na kitu cha kwanza alichohisi, kabla ya aibu, kilikuwa nafuu. Hakuja kujisamehe nafuu ile, hata alipoweza kujifariji kwa mengine.

Kilichomtoa mafichoni ni mjukuu wake. Jumapili iliyofuata msichana alikuja akasimama mbele ya kiti chake, miaka tisa, sare ya shule bado mwilini ingawa haikuwa siku ya shule, akamuuliza bila kulia kama ni kweli baba yake hakusimama. Mtoto wa dereva mwingine ndiye aliyemwambia. Mzee alisema baba yako alikuwa mtu mzuri. Mtoto akangoja kidogo, akaona hilo si jibu, akaenda zake.

Jumatatu, baada ya kikao, alipiga moyo konde akaingia ofisini. Walikuwamo msimamizi na ofisa usalama. Alisema yote akiwa amesimama, kofia mkononi: bega, miezi minane, pete ya tatu, nyundo aliyoiacha, alama nyeupe, mvua. Alipomaliza, msimamizi alikuwa na machozi. Akainuka akamshika bega, lilelile la kulia, na mzee akauma meno.

"Mzee mwenzangu," alisema, "nakuelewa. Mkwe ni mtoto. Unataka kumsafishia jina. Lakini usijipake matope ambayo si yako."

Ofisa hakuwa na machozi. Aliuliza zile alama ziko wapi sasa. Aliuliza nani mwingine aliziona. Aliuliza kwa nini picha zake hazina alama hizo, akazifungua picha, na kwa kweli zilipigwa kwa mbali mno. Palikuwa na kitu cheupe, lakini chaweza kuwa kwaruzo. Kisha akasema, kwa upole, kwamba kuna njia moja rahisi. Twende nje, ufunge kikazio kwenye pete ya nne. Ukishindwa, nitaandika upya ripoti yote kwa mkono wangu.

Palikuwa na jenereta juu ya lobedi, imefungwa nusu. Madereva walisogea, wapakiaji walisogea, hakuna aliyejua ni nini hasa lakini walijua Fundi Chaki anataka kufunga. Alihesabu pete kwa sauti. Moja, mbili, tatu, nne. Akaweka ndoano. Akashika mkono wa kikazio kwa mikono miwili, na ndani ya nafsi yake alikuwa anaomba bega limkatalie mbele ya watu wote.

Akaangusha uzito. Moto ukapanda kutoka kwenye kiwiko hadi sikioni, macho yakaona giza, na hapo, nusu ya njia, alikuwa na nafasi ya kuachia. Angeachia, kila kitu kingekwisha. Lakini mikono ile ilikuwa imefanya kitu kimoja kwa miaka ishirini na sita mbele ya watu walewale, na haikujua kukiacha katikati. Mkono wa kikazio ukashuka. Tako la chuma likakaa. Mtu mmoja akachukua nyundo akagonga, na mnyororo ukalia nge.

Wakapiga makofi. Msimamizi akawatuliza kwa mkono, akasema mnaona, huyu mzee hata uchungu haumwangushi. Ofisa akafunga daftari lake taratibu, akasema pole sana, Mzee, kisha akarudi ndani.

Yeye alibaki ameegemea trela, jasho likimtoka puani. Kilichomuumiza zaidi si kwamba hawakumwamini, ingawa hilo nalo liliuma. Ni kwamba kwa miezi minane alikuwa amejiambia hawezi, na juu ya neno hilo moja alikuwa amejijengea pa kujificha: mwili ulikataa, ningefanya nini. Kumbe aliweza. Iliuma tu. Asubuhi ile ya pampu angeweza kuumia mara nane, na Kobe angerudi nyumbani kula.

Hakungoja gari la wafanyakazi. Alitembea hadi kwa binti yake, akamkuta amerudi kutoka shule, anasahihisha madaftari mezani, chai pembeni. Mtoto alikuwa uani. Mzee hakukaa. Akamweleza kama alivyowaeleza wale ofisini, kisha akaongeza kile ambacho ofisini hawakukihitaji, kwamba leo ameufunga mnyororo kwenye pete ya nne.

Binti alisikiliza akiwa ameshika kalamu nyekundu. Mzee alipofika kwenye chaki nyeupe, binti aliiweka kalamu chini.

"Zilikuwa zinapungua," alisema. "Kila wiki vipande viwili, vitatu. Nilidhani ni wanafunzi."

Uani mtoto alikuwa anaruka kamba na kuhesabu.

"Kwa hiyo alisimama."

"Alisimama."

"Na mimi niliona kikombe," binti alisema. "Nilikiona, nikanyamaza kwa sababu ya yale macho yako. Sikumwambia mume wangu." Hapo mzee akatambua kwamba katika miezi ile minane alikuwa amefunga na kinywa cha mtoto wake. Alitaka kusema kosa si lako. Binti akainua mkono, asiseme.

"Iliuma sana, baba? Hiyo pete ya nne?"

"Iliuma."

"Kuliko hii?"

Alitikisa kichwa.

Binti alifuta uso kwa upande wa khanga, akasema jambo moja tu, akalisema kama anavyotoa kazi darasani. Alisema wao watasoma ripoti yao kila Jumatatu. Basi na yeye kila Jumatatu aseme. Hata wasipomwamini. Halafu alimwita mtoto kutoka uani, akamwambia babu ana neno lake, na akabaki amesimama pale kuhakikisha linasemwa lote.

Tangu siku hiyo Fundi Chaki hafungi tena. Alirudisha chaki ofisini, wakamfanyia tafrija ndogo ya soda, na sasa anahesabu vizibao na kofia ngumu. Saa ya kupakia hutoka na nyundo, akapita nyuma ya mfungaji mpya, akagonga kila mnyororo mbele ya dereva mwenyewe, na dereva haondoki mpaka asikie kwa masikio yake. Hakuna kanuni iliyoandikwa ya hilo. Hakuna pia aliyemkatalia. Na kila Jumatatu, ofisa anapofika pale kwenye dereva hakusimama, mzee huinua mkono wa kulia, ambao haupiti tena usawa wa sikio, akasema alisimama, minyororo ilikuwa imelegea, niliifunga mimi. Watu hutazama viatu vyao. Ofisa humngojea amalize, kwa heshima, kisha huendelea kusoma palepale alipoishia.

Jioni yake hupitia kwa binti. Binti huuliza, umesema? Hujibu, nimesema. Basi humimina chai, na kikombe hukiweka upande wa kulia wa baba yake, naye hukinyanyua kwa mkono huohuo unaouma.